Afande wa Kwenye Simu

Mtaa mzima wa kwetu Nyegezi ulimwita Afande. Muuza maji, mama wa genge, mwenyekiti wa mtaa, hata mchungaji alipokuja kuombea nyumba. Mimi peke yangu nilimwita Wifi, kwa sababu aliolewa na kaka yangu, na mke wa kaka yako ni wifi tu, hata avae buti na kofia ya chuma. Nilipenda kumkumbusha hilo. Akija likizo akaanza kunipangia namna ya kufagia uwanja, nilimwambia, "Wifi, hapa siyo kambini, mimi sijala kiapo." Alitabasamu kidogo, akachukua ufagio, akafagia mwenyewe kwa mistari iliyonyooka toka ukutani mpaka getini.

Alikozaliwa na ukoo wake wataeleza wa kwao. Mimi nina ya nyumbani kwetu tu, na mengi kati ya hayo yalipitia kwenye simu.

Alikwenda ng'ambo mara tatu na kikosi cha kulinda amani. Mara ya kwanza Kabula, mtoto wake wa pekee, alikuwa ndiyo kwanza ameacha ziwa. Kaka yangu ni dereva wa lori. Leo yuko Usagara anasubiri mzigo, kesho utasikia yuko Kahama. Mimi nilikuwa nimerudi nyumbani baada ya ndoa kuvunjika, sina mtoto, nina cherehani. Basi hakuna kikao kilichokaliwa. Wifi alifunga begi lake, akaniwekea Kabula mapajani, akasema, "Huyu hali ugali wa moto." Maagizo yote niliyopewa ni hayo.

Alikuwa anapiga simu wakati wa chakula cha jioni. Saa za kule na za kwetu hazipishani sana, kwa hiyo naye alikuwa ametoka kula kwenye bwalo lao. Alitaka simu iegemezwe kwenye chupa ya chai, katikati ya mkeka, halafu sisi tuendelee kula. Mtu akimgeukia aanze kumsimulia habari, alimkatisha: "Kuleni, nipo." Kweli alikuwepo. Tulisikia jenereta lao likinguruma, tukamsikia anakohoa, au mwenzake anapita anamsalimia. Tukimaliza, nikishamnawisha Kabula, ndipo alipouliza maswali yake, yaleyale kila siku. Mmekula nini? Kabula amemaliza? Maji yametoka? Geti limefungwa? Ukishamjibu alisema, "Sawa," akakata.

Mwanzoni nilichukia. Nilimlalamikia kaka kwamba mke wake ananikagua toka ng'ambo kama kuruta. Kaka alikuwa anatengeneza kiti kilichovunjika mguu, wala hakuinua kichwa.

"Hakukagui wewe," alisema. "Anataka asikie watu wakila. Mwache."

Nikamwacha. Baada ya muda nikaanza kuona vibaya tukila naye hajapiga.

Ya kule alisimulia madogomadogo. Kwamba wanalala ndani ya makontena yaliyotobolewa madirisha, wawili wawili. Kwamba kazi yake siku nyingi ilikuwa kusimama getini na kioo chenye mpini mrefu, anakipitisha chini ya kila gari linaloingia, na kwamba kwa muda wote huo hajawahi kuona kitu chini ya gari zaidi ya matope na siku moja paka. Kwamba kofia ile ni nzito mpaka shingo inauma hata ukishaivua. Majira ya baridi alifua suruali akaianika, asubuhi akaikuta imekakamaa kwa barafu, akaishusha ikasimama yenyewe ukutani. Hilo alilirudia mara nyingi kwa sababu Kabula alilipenda. "Ikasimama yenyewe?" "Ikasimama." "Bila mtu?" "Bila mtu."

Kulikuwa na bibi mmoja wa kijiji cha jirani aliyekuwa akipita getini na punda wake. Bibi huyo alimdhania mwanamume mwezi mzima, mpaka siku Wifi alipocheka. Tangu hapo akawa anamletea zeituni kwenye kikopo. Wifi alisema zeituni ni chungu na zina chumvi, hakuzipenda, lakini alizila mbele ya yule bibi mpaka ya mwisho, na siku bibi asipopita alikuwa anatazama barabara.

Sasa huyu mtu nyumbani alikuwa hajui kupika. Nasema wazi maana hata yeye alikubali. Maharage aliyaunguza, wali wake ulikuwa bokoboko, na kaka yangu alivumilia kwa mapenzi. Lakini kule ndiye aliyetegemewa kusonga ugali. Unga wa sembe ukifika, wenzake walimtafuta yeye. Jumapili aliwasuka nywele askari wenzake wa kike wakiwa wamejifunga kanga juu ya suruali za jeshi. Tulimtumia dagaa wakavu wa hapa Mwanza kwa mtu aliyekuwa anakwenda, na askari wa mataifa mengine wakalalamika kwamba kuna kitu kimekufa kwenye kontena. Ikabidi awahifadhi nje kwenye sanduku la vyuma, akawa anakwenda kuwachukua kidogo kidogo.

Jambo lingine alikuwa anaogopa maji. Mtu wa kandokando ya ziwa, askari, hajui kuogelea! Tukivuka ziwa kwa kivuko kwenda Kamanga alitafuta kwanza maboya yalipo, akasimama chini yake hapohapo, ameshika chuma kwa mkono mmoja. Nilimtania sana kwa hilo. Nilimwuliza kama adui akija na mtumbwi atamfanya nini, akanijibu kwamba atamsubiri nchi kavu.

Kuna amri moja aliyotupa ambayo watu wa kwetu iliwashinda kabisa. Unajua tulivyo. Ukimsalimia mtu, hata kama nyumba inaungua nyuma yake, atajibu kwanza, "Nzuri, ila..." Salama, ila mama amelazwa. Wazima, ila tumefiwa. Siku moja Wifi alipiga, kaka akapokea, akamjibu, "Wazima kabisa, ila Kabula..." Simu ikakatika. Kule hali ilikuwa imechafuka. Muda huohuo waliamriwa kuingia mahandakini na simu zikakusanywa. Akakaa humo siku kadhaa na hiyo "ila Kabula." Kaka alikuwa anataka kusema Kabula amegoma kuvua viatu vipya, analala navyo.

Alipopata simu hakulia wala hakugomba. Alisikiliza habari ya viatu mpaka mwisho. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo, "Kuanzia leo mnianzie na hiyo ila. Salamu baadaye." Tulijaribu. Mimi nilizoea, kaka alishindwa. Mama yetu, mama mkwe wake, ndiye aliyekataa kabisa, akasema hawezi kuongea na mkwe bila kumsalimia kama anaongea na mbuzi.

Huo utulivu wake watu waliusifu. Walisema Afande ana roho ngumu. Mimi niliyekaa naye karibu sikuona ugumu. Niliona kitu kimezimika, na sikujua kilizimika lini.

Aliporudi mara ya pili tulikuwa tumekaa uani tunachambua dagaa, tunatoa mchanga na vikonokono. Bila kuulizwa akasema kule dereva wao alifariki. Gari la mbele lilipinduka kwenye kona ya mlima, Wifi alikuwa gari la pili. Wao ndio walioteremka kumtoa.

"Lini?" nikamwuliza.

"Ile siku mlikula sato."

Tulikula sato siku nyingi, nikamwambia. Akasema siku ile Kabula alipochomwa na mwiba kidole gumba. Nikaikumbuka. Alipiga jioni kama kawaida, akauliza tumekula nini, akauliza maji yametoka, akauliza geti. Nikamsimulia mwiba kwa kirefu, na namna nilivyoutoa, naye akasema, "Sawa," akakata.

"Mbona hukusema, wifi yangu?"

"Ningesema nini? Nilitaka nisikie habari ya mwiba." Akaendelea kuchambua. "Watu wananiuliza kama nilimlilia. Sikulia. Mpaka leo nasubiri. Nikijigusa hapa ni ganzi tupu." Akajigusa kifuani na vidole vyenye magamba ya dagaa, akaacha alama kwenye blauzi.

Nilitaka kumshika. Lakini hakuwa mtu wa kushikwa ghafla, tulikwisha kujifunza hilo. Nikasogeza ungo wangu karibu na wake.

Sasa nifike kwenye jambo la Kabula, maana ndilo lililokuwa katikati yetu miaka yote.

Mtoto hukua akisikia wenzake wanaita nini. Watoto wa jirani waliita mama, na Kabula akaita mama, na aliyekuwepo kuitika ni mimi. Sikumfundisha. Nilimwambia mimi ni shangazi, akasema sawa mama. Kaka akacheka, nami nikacheka, lakini moyoni nilifurahi mpaka nikaogopa. Mtu aliyeachwa kwa sababu hazai, halafu mtoto anakimbia toka getini anamwita mama, mwacheni afurahi.

Wifi alilisikia kwenye simu. Ilikuwa ni katika safari ileile ya pili. Simu imeegemezwa kwenye chupa ya chai, Kabula akapaliwa na ugali, akasema, "Mama, maji!" Nami nikainuka. Nilipokumbuka simu ipo, kikombe kilikuwa tayari mkononi. Kule jenereta linanguruma tu. Halafu Wifi akasema, taratibu, "Kabula, mwambie mama yako akupe maji ya uvuguvugu, siyo ya mtungini."

Tangu siku hiyo akinitaja kwa Kabula alisema "mama yako." Mama yako yuko wapi? Msaidie mama yako. Na aliporudi, mtoto akiwa amesimama mlangoni anamtazama mgeni aliyevaa magwanda, akachuchumaa akamwambia, "Niite Afande. Kila mtu hapa ananiita Afande." Kabula akampigia shikamoo. "Shikamoo Afande." "Marahaba."

Nilikasirika. Nilisubiri mtoto atoke nje, nikamfuata Wifi chumbani alikokuwa anakunja nguo.

"Wifi, hii siyo haki. Mwambie mtoto ukweli."

"Ukweli anaujua. Picha ya harusi iko ukutani, baba yake amemwonyesha."

"Basi akuite mama."

Alikunja shati, akalilaza juu ya lingine, pindo kwa pindo. "Akiniita hivyo sitaweza kupanda ile ndege. Nitaacha kazi. Nikiacha kazi tutakula nini, lori la kaka yako?" Kaka alikuwa hana hata lori, alikuwa anaendesha la mtu. "Niache niwe Afande. Afande akiondoka mtoto halii."

Na kweli hakulia. Wifi alipokwenda mara ya tatu, Kabula alimpungia mkono, akarudi kucheza rede na wenzake. Mimi ndiye niliyelia, na sijui nilimlilia nani. Nilimwonea huruma Wifi, na hapohapo nilikuwa nashukuru Mungu kwamba ameniachia mtoto tena. Yote mawili yalikuwa ya kweli, na sijawahi kuyapatanisha.

Usidhani hakumjali. Kwa simu alimlea kwa namna yake. Alimfundisha kutandika kitanda mpaka shuka linakuwa bapa. Alimfundisha jedwali la kuzidisha kwa kumpigia hesabu kama anamkagua zamu: "Saba mara nane!" "Hamsini na sita, Afande!" Kabula alipovunja ungo, mimi nikiwa natafuta maneno, Wifi alikwisha kumweleza kwenye simu, kwa ufupi na bila aibu, na mtoto akaja kuniambia tayari anajua. Hata Wifi alipokuwa nchini hatukumpata. Alipangiwa vituo vya mbali, akaja likizo fupi. Kabula alimheshimu, na nadhani alimpenda. Lakini akiumwa alilala mgongoni kwangu.

Mwaka jana Kabula alimaliza darasa la saba, akachaguliwa shule ya bweni ng'ambo ya maji, upande wa Sengerema. Januari hii Wifi aliomba ruhusa akaja kumpeleka. Mwezi unaofuata alikuwa anaondoka tena, safari ya nne. Kaka alikuwa njiani na mzigo. Tukaondoka watatu, Kabula katikati na tranka lake la bati na godoro.

Kwenye kivuko Wifi alisimama mahali pake chini ya maboya. Amevaa gauni la kitenge nililomshonea mimi, na lilimkaa vibaya mabegani kwa sababu alisimama kijeshi ndani yake. Kabula alikuwa mbele kabisa anatazama maji na wasichana wengine wenye godoro kama lake. Wifi akamtazama muda mrefu.

"Wifi," akaniambia, "nikimwomba sasa aniite mama, nitakuwa nimechelewa?"

Sikutegemea. Miaka yote hajawahi kuomba kitu. Nilitaka kumwambia ndiyo, umechelewa, na nilijua kwa nini ninataka kumwambia hivyo. Nikasema, "Mwulize mwenyewe." Akaitikia kwa kichwa. Tulifika Kamanga hajamwuliza.

Shuleni tulikusanywa wazazi kwenye bwalo. Mwalimu mkuu alieleza mambo ya sare, ya ada, ya siku za kutembelea. Akasema simu ni marufuku, mwanafunzi akikutwa nayo anarudishwa nyumbani. Wifi akanyoosha mkono, akasimama wima.

"Samahani mwalimu. Na mzazi aliye nje ya nchi? Hata jioni moja moja, simu ikae tu mezani, asikie watoto wakila?"

Bwalo lote likacheka. Mwalimu mkuu naye alicheka, siyo kwa ubaya. "Mama, hii ni shule, siyo redio. Kukiwa na tatizo tutakupigia sisi."

"Na kusipokuwa na tatizo?"

"Basi ujue kuna usalama."

Wifi akakaa. Uso haukubadilika hata kidogo. Nilimwangalia mikono, ilikuwa imelala juu ya magoti, viganja chini, haitikisiki. Mimi ndiye niliyehisi machozi, kwa niaba yake, au kwa niaba yangu, maana nami nilikuwa narudi kwenye nyumba isiyokuwa na mtoto.

Mbele ya bweni la wasichana palikuwa na matroni, mama mnene mwenye funguo nyingi kiunoni. Wazazi walikuwa wamejaa mlangoni, kila msichana na kundi lake, na matroni alikwisha kuchoka nao. Akaweka mkono mlangoni.

"Jamani, humu ndani hakuna nafasi. Kila mtoto ataingia na mama yake tu, amtandikie, amuage, atoke. Shangazi, bibi, mama wadogo, mtasubiri kwenye kivuli." Akamtazama Kabula. "Wewe, mama yako ni yupi hapa?"

Ningeweza kumsukuma Wifi mbele, ilikuwa ni kusema neno moja, na yeye angeweza kupiga hatua moja. Hatukufanya. Sote wawili tulikuwa tunamtazama mtoto, kila mmoja anangoja aseme.

Kabula alinitazama mimi. Akamtazama yeye. Midomo ikafunguka, kisha ikafunga. Akainama, akatwika godoro kichwani, akashika mpini wa tranka kwa mkono mmoja.

"Naingia mwenyewe," akamwambia matroni. Akatugeukia nusu, maana godoro lilimzuia. "Kwaherini."

Akapita chini ya mkono wa matroni. Tulisikia tranka likiburuzwa kwenye sakafu, likaingia chumba cha kwanza, likatoka, likaendelea mbele zaidi, mpaka sauti yake ikachanganyika na za wengine.

Tulisubiri kwenye kivuli pamoja na mashangazi na mabibi. Wanawake walitoka mmoja mmoja wakijifuta macho kwa pembe za kanga, na matroni akafunga mlango. Wifi alikuwa amesimama wima, anatazama madirisha ya bweni, moja baada ya jingine.

"Wifi," akasema, "hivi amepewa kitanda cha juu au cha chini?"

Nikamwambia sijui.